Kompyuta Iliyoogopa Wageni

Nimestaafu Ijumaa, leo ni Jumatano, na hadi sasa hakuna aliyenipigia simu kuniambia kwamba printa imekataa. Siku tano nzima. Nadhani mara ya mwisho kupata utulivu wa namna hii nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Mke wangu anasema nimeanza kunenepa, na analisema kwa sauti ya lawama.

Ninyi vijana mliobaki kwenye chumba cha kompyuta pale kiwandani mliniomba niwaandikie nilivyoanza, ili mjue mashine hizi zilikuwaje kabla hazijaingia mifukoni mwenu. Haya, naandika. Habari za vyeo na mshahara naziruka, kwa kuwa vyote viwili vinaenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Nitasema habari za siku ya kwanza, za mzee aliyenifundisha, na za kompyuta moja iliyokuwa ikizimika kila tukipata wageni, nusura immalize mama wa watu asiye na kosa.

Mimi ni mtu wa Lagangabilili, ile ya kabla ya ofisi za serikali, wakati jengo refu kuliko yote lilikuwa kihenge cha mtama cha baba yangu. Nilimaliza darasa la saba nikaja Bariadi kubeba marobota ya pamba. Kidato cha nne nilikipata ukubwani, kwa masomo ya jioni, kwenye madawati ya shule ya msingi, magoti yakigusa kidevu. Nilihitimu nikiwa na mke, watoto wawili na mgongo unaouma. Cheti changu nilikitembeza mjini hadi kikaanza kusalimiana na watu chenyewe.

Ndipo soko la pamba likafunguliwa. Kampuni binafsi zikamiminika Bariadi kama kumbikumbi baada ya mvua, kila moja na mizani yake na kibao chake cha rangi. Wakati huo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga. Simiyu lilikuwa jina la mto. Kampuni moja ikakichukua kiwanda chetu, ikaleta meneja mpole kutoka Tanga, na meneja akauliza nani anajua kupiga taipu. Nilinyoosha mkono. Taipu nilikuwa nimeiona mara mbili, tena mara moja kupitia dirishani.

Kompyuta ilifika kwa lori kutoka Mwanza. Pale Lamadi dereva alipakia magunia ya dagaa ubavuni mwake, kwa hiyo chombo cha kisasa kuliko vyote wilayani kiliingia Bariadi kinanuka ziwa. Kibodi ilinuka dagaa msimu mzima, na paka wa kiwanda akahamia ofisini. Maboksi yalishushwa na wanaume wanne, na mmoja wao aliomba likizo kesho yake.

Pamoja nayo alikuja Fundi Shabani, mzee mfupi wa Mwanza mwenye kofia ya kudarizi. Alianza na redio, akahamia televisheni, na kompyuta alijifunza kwa kuzifungua. Alikaa nasi wiki mbili. Yote ninayoyajua yanatoka kwenye wiki hizo. Miaka yote iliyofuata nilikuwa narudia tu.

Siku ya kwanza hakuiwasha kabisa. Aliitenganisha juu ya meza, akanitaka nishike kila kipande na kusema kazi yake kwa maneno ambayo mama yangu angeyaelewa. Tulianza na milango. Kibodi na kipanya, ambacho wote tulikiita mausi, ni milango ya kuingilia: unachotaka kuiambia mashine kinapita hapo. Skrini, kile kioo kizito kilichotuna nyuma kama mbuzi mwenye mimba, ni mlango wa kutokea: mashine inakujibu hapo. Printa nayo ni mlango wa kutokea, ila mlango wenye hasira.

Halafu kasha. Lile kasha la bati linalolala chini ya skrini watu huliita sipiyu, na mpaka juzi nimeona mmeliandika hivyo kwenye fomu ya ukaguzi. Si kosa la kufungwa, lakini ni sawa na kuuita mwili mzima ubongo. Sipiyu hasa ni prosesa, kidude kilicho sawa na biskuti moja, kimejificha humo ndani. Fundi Shabani alinishika mkono akanipeleka kwenye mashine ya kuchambua pamba, akanionyesha pamba inavyoingia upande huu, nyuzi zinatoka kule, mbegu zinaanguka pale. Akaniambia prosesa ndiyo hiyo, isipokuwa ya kwangu inachambua namba, na inapata joto vilevile.

Palipobaki kunichanganya ni kwenye kumbukumbu, maana ziko mbili. Ipo ya muda, mafundi wanaiita ramu, na ipo diski kuu, inayotunza. Nilizichanganya siku tatu, hadi mzee akaniuliza nyumbani tunapepetea mtama wapi. Nikasema kwenye ungo. Na tunautunza wapi? Kwenye kihenge. Basi, akasema, ramu ni ungo, diski kuu ni kihenge. Unachofanyia kazi sasa hivi kiko kwenye ungo. Umeme ukikatika ni upepo: unapindua ungo wote, na mtama unaokotwa na kuku. Ukibonyeza kuhifadhi, umemimina kwenye kihenge, na hapo hata jenereta likifa utalala usingizi. Maelezo hayo nimewapa watu wasiopungua elfu kumi, na wote walielewa, isipokuwa mabosi.

Mwisho alinionyesha kisanduku cha nyuma, pawa saplai. Hicho kinapokea umeme wa jenereta, ambao kwetu ulikuwa unakuja umelewa, na kuugawa kwa vipimo vidogo vya adabu. Mgongoni mwake kuna feni inayotoa joto nje. Kisanduku kikizidiwa na joto kinajizima chenyewe ili kisiungue; kikipoa, kinakubali tena. Niliyaandika haya kwenye daftari kwa mwandiko mzuri sana. Kumbe kuandika na kukumbuka ni kazi mbili.

Asubuhi ya kuondoka kwake nilimuuliza nifanye nini mashine ikigoma naye yuko Mwanza. Alifunga begi lake kwanza.

"Usiulize nani," akasema. "Uliza nini kimebadilika."

Kwenye kiwanda cha pamba hata chai ina nyuzi, na adui wa kwanza wa kompyuta yetu alikuwa vumbi lile jeupe la pamba. Kila jioni nikizima nilikuwa naifunika kwa nailoni ya mbolea. Hapo ndipo anapoingia Mayu Kabula. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na kiwanda kizima tulimwita hivyo. Alikuwa mjane kutoka Kimali, kule Meatu, amehamia Bariadi na wajukuu watatu, kibarua wa kufagia uwanja. Macho yake yalikuwa mekundu kwa miaka mingi ya moshi wa kupikia kwa samadi. Mikono yake ilijua kufuma. Kila kiti cha ofisini kilivaa kitambaa chake, redio ilivaa, simu ya mezani ilivaa. Nadhani tungechelewa kusimama hata sisi tungevishwa.

Alipoiona nailoni ya mbolea alisikitika kweli. Aliniuliza, mgeni mkubwa namna hii mnamwacha anavaa gunia? Baada ya mwezi akaleta kitambaa chake. Kilikuwa kizito, cha nyuzi nene nyeupe na maua mekundu, na kwa ndani ameshonea marekani, ile nguo nyeupe nzito, ili vumbi lisipenye. Kilifunika skrini na kasha hadi mezani. Vumbi lilikoma. Nilikisifia mbele ya kila aliyekuja, na nikaacha nailoni irudi shambani.

Karibu siku hizohizo tukaletewa modemu. Ninyi mna mtandao unaotoka hewani, hamjui modemu. Ilikuwa kisanduku kidogo chenye taa nyekundu, upande mmoja waya wa kompyuta, upande mwingine waya wa simu. Kazi yake ni ukalimani. Kompyuta inaongea lugha yake ya namba, na waya wa simu unaelewa sauti peke yake. Modemu inageuza namba ziwe sauti, sauti inasafiri hadi Mwanza, na huko modemu nyingine inageuza sauti ziwe namba. Zinapokutana zinasalimiana kwanza, na salamu zao ni kelele za mbuzi ishirini waliofungiwa ndani ya debe. Mlinzi wa geti alikuwa anavua kofia. Lakini zikishaelewana, taarifa ya marobota iliyokuwa inachukua siku mbili kwa basi inafika kabla chai haijapoa.

Habari zilisambaa, na wageni wakaanza kuja kuiona barua inayopita kwenye simu. Meneja alifurahi, akaweka utaratibu wake. Siku ya wageni Mayu Kabula aache uwanja, aingie ofisini, apike chai, apange vitambaa. Kompyuta iwe imewashwa mapema, na iwe imevaa. Mayu aliivisha kama bibi harusi: mbele aliinua kitambaa ili skrini ionekane, pembeni na nyuma akakiachia hadi mezani na kukibana kwa pini, kisiteleze.

Wageni wa kwanza walikuwa wakubwa wa makao makuu ya kampuni. Wakanywa chai, wakahutubia, wakahutubiwa. Ilipofika zamu yangu nikabonyeza, mbuzi wakalia ndani ya debe, Mwanza ikaitikia, taarifa ikaanza kwenda, na skrini ikawa nyeusi. Feni kimya. Ungo umepinduka. Wageni walikuwa waungwana, wakasema teknolojia ni safari. Walipoondoka Mayu akakunja kitambaa chake, mimi nikabonyeza swichi, na kompyuta ikawaka kama vile haijanifanyia lolote.

Mara ya pili walikuja maofisa wa wilaya. Mambo yakawa yaleyale, hata dakika nadhani zilifanana. Ofisa mmoja akasema huenda kompyuta yenu ina haya. Wakacheka sana. Mimi nilicheka kwa meno tu.

Wiki ile nilipima kila kitu. Nilipima jenereta. Nilibadilisha stabilaiza, ile inayotuliza umeme ukipanda na kushuka. Nililishuku birika la umeme la wageni, kwamba linanyonya umeme, nikalichemsha siku nzima hadi ofisi ikawa na mvuke kama jikoni kwa arusi. Niliishuku modemu. Siku za kawaida kompyuta ilifanya kazi na hayo yote kuanzia asubuhi hadi jioni bila kukohoa. Nikampigia Fundi Shabani Mwanza. Akauliza, siku hizo nini kinabadilika? Nikasema ni wageni. Mzee akasema wageni hawana waya.

Sasa pale ofisini tulikuwa na karani mkuu, Bwana Mayunga. Alikuwa mtu safi, mchapakazi, mwenye koti la kijivu alilolinunua Mwanza na alilolivaa hata jua likiyeyusha lami. Hakuwa mtu mbaya, na nataka mlielewe hilo. Alikuwa mtu wa orodha. Siku ya pili baada ya wale maofisa alisimama katikati ya ofisi, mbele ya meneja, akasema taratibu kama anayesoma.

"Siku za kawaida mashine ni nzima. Siku za wageni inakufa. Siku za wageni, nani anaingia humu ndani ambaye siku nyingine haingii? Nani anaigusa?"

Kupitia dirishani tulikuwa tunamwona Mayu Kabula anafagia.

Nilikuwa mimi pekee niliyesoma mashine ile. Ningeweza kusema hapana, ngojeni kwanza. Nilikaa kimya, kwa sababu kama si yeye, aliyebaki ni mimi. Mimi hutia chumvi kidogo katika mambo mengi, kama mnavyonijua, lakini hili naliandika lilivyo.

Neno lilitoka ofisini likafika uwanjani kabla ya saa ya chakula. Kesho yake vibarua wakamtengea Mayu kopo lake la maji. Keshokutwa yake wajukuu wake walizomewa njiani wakienda shule. Ninyi mmekulia huku, mnajua mwanamke mtu mzima, mjane, mwenye macho mekundu, alikuwa anafanywa nini katika miaka ile neno kama hilo la uchawi likishamganda. Sitalirefusha. Meneja hakuyajua mambo ya kwetu. Aliona kelele tu, na alitaka ziishe. Wenye kampuni wenyewe walikuwa waje Alhamisi. Akaamua kwamba Jumatano Mayu Kabula alipwe chake aende. Kwake ilikuwa njia ya upole. Kwa uwanja mzima ingekuwa ni mhuri.

Jumatatu asubuhi Mayu alinifuata mlangoni. Hakuvuka kizingiti. Akanipa mwangaluka, salamu ya asubuhi, kamili, na habari za watoto, na habari za Lagangabilili, na mimi nikajibu zote nikitazama viatu vyangu.

"Kufagia nitafagia hata kwingine, ng'wanone," akasema, yaani mwanangu. "Lakini nikitoka hapa na neno hili, nitatembea nalo hadi Kimali, na wajukuu wangu nyuma. Wewe ndiye umesomea hii mashine. Ni nini kinachoiua?"

"Sijui, mayu."

"Basi jua," akasema, akaenda kuchukua ufagio.

Sijawahi kupewa maelekezo ya kazi mafupi na makali kama hayo, na nimefanya kazi chini ya mameneja tisa.

Jumanne mchana meneja na Bwana Mayunga walikwenda kuangalia pamba vituoni. Nikamwita Mayu ndani. Nikamwambia mimi leo ni mgeni, afanye kila kitu vilevile, asibadilishe hata kijiko. Aliniangalia kama anayepima akili yangu, lakini akafanya. Nikawasha kompyuta. Akaivisha, akainua mbele, akaachia nyuma, akabana pini. Akanipa chai kwenye kikombe cha wageni. Nikakaa kwenye kiti cha wageni, ambacho kwa taarifa yenu kilikuwa na springi iliyovunjika, ndiyo maana hotuba zao zilikuwa fupi. Tukangoja. Alikaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo umenielekea. Ilipita kama nusu saa na kidogo. Skrini ikawa nyeusi.

Niliruka kutoka kwenye kiti hata chai ikamwagika. Nikaenda nyuma ya meza nikaingiza mkono chini ya kitambaa. Humo ndani kulikuwa na joto la tanuri la matofali. Bati la kasha sikuweza kulishika. Feni ilikuwa imesimama, mdomo wake umezibwa na marekani, na nyuzi za pamba zimenaswa humo. Nikauona ukurasa wa daftari langu, mwandiko mzuri, maneno yote: kikizidiwa na joto kinajizima, kikipoa kinakubali. Jioni kitambaa kiliikuta imezimwa, hakikuwa na neno. Siku za wageni kiliikuta inafanya kazi. Tulikuwa tumemvika mtu blanketi usoni halafu tunamwambia ahutubie.

Nilianza kucheka kwa furaha. Nilipogeuka nikamwona Mayu Kabula amesimama, mkono mdomoni.

"Ni kitambaa changu," akasema.

Furaha ikanitoka yote. Maana alikuwa ameona mbali kuliko mimi. Nikienda kwa Bwana Mayunga na kusema tatizo ni kitambaa cha Mayu Kabula, ninampa alichokuwa anatafuta. Wangesema kitambaa kimewekwa dawa. Wangekichoma uwanjani, na wasingeishia kwenye kitambaa. Ukweli ulikuwa mkononi mwangu, na ningeutoa hivyohivyo ulivyo, ungemuua.

Usiku ule sikula vizuri, na mimi chakula huwa sikikosei heshima. Jumatano asubuhi niliingia kwa meneja kabla hajakaa. Nikamwambia nimeupata ugonjwa wa mashine, naomba saa mbili tu, mbele ya ofisi yote, na Mayu Kabula asilipwe wala asiondoke kabla ya hapo. Alitazama saa yake. Alikuwa na wageni kesho yake na hana kompyuta. Akakubali.

Nikawasha mashine mbele yao, iko tupu, haina kitambaa. Nikamwita Mayu, nikamwomba aweke mkono juu ya kasha na akae hapo asiutoe. Madirishani palijaa vibarua, vichwa juu ya vichwa. Mayu aliweka mkono wake, akatazama mbele kama mtu anayepigwa picha. Nusu saa ikapita. Dakika arobaini. Saa nzima kasoro kidogo. Nikatuma taarifa Mwanza, mbuzi wakalia, taarifa ikafika. Kompyuta ikaendelea kuunguruma.

Nikamwomba Mayu atoke, aende mbali, hadi getini. Akatoka. Madirishani wakampisha njia pana kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikamgeukia karani mkuu. "Bwana Mayunga, kaka yangu, niazime koti."

"Koti langu?"

"Dakika chache tu."

Alitazama huku na huku. Meneja akamwitikia kwa kichwa. Akalivua polepole, akalikung'uta, akanikabidhi kama anayekabidhi mtoto mchanga. Nikalitandaza juu ya skrini na kasha, mikono ikaning'inia pembeni, mgongo wa koti ukaziba mgongo wa mashine. Tukangoja tena. Ninyi hamjawahi kungoja hivyo. Nilikuwa natokwa na jasho hadi kwenye kucha. Ilipita nusu saa, haikufa. Meneja akatazama saa yake. Nikaanza kufikiri labda koti ni jepesi mno, labda nimemmaliza yule mama kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi niliiomba mashine iharibike. Meneja alipofungua mdomo aseme imetosha, skrini ikawa nyeusi.

Madirishani mtu mmoja akauliza kwa Kisukuma, sasa na koti la karani nalo linaroga? Mwingine akamjibu kwamba ndiyo maana halivuliwi. Kicheko kikaanza pembeni.

Bwana Mayunga alisogea kwenye meza. Nilidhani anakuja kunipiga. Akaingiza mkono chini ya koti lake, akautoa haraka, akautazama. Akaingiza tena. Kisha akainama akaangalia feni, muda mrefu, kama anavyokagua orodha.

"Limeibana pumzi," akasema mwenyewe. "Humu ndani ni moto. Nguo yoyote nzito ingeibana."

Mimi sikuongeza neno. Nimeongea sana katika maisha yangu, na nadhani kunyamaza kwangu kwa pale ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya.

Alivaa koti lake, likiwa bado la moto, akatoka nje. Nilimfuata hadi mlangoni tu. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama. Alitembea hadi getini, alipokuwa amesimama Mayu Kabula na ufagio wake, akasimama mbele yake, akakunja magoti kidogo kama mtoto anavyomsalimu mama, akasema mwadila kwa sauti iliyosikika hadi kwenye marobota. Mayu alimwacha pale chini kwa muda ambao mimi niliona ni mwezi mzima. Halafu akaitikia. Bwana Mayunga akageuka akawaambia vibarua, kwa Kisukuma, kwamba mashine inaumwa joto, kwamba koti lake ndilo limeiua leo mbele ya macho yao, na kwamba mwenye neno jingine aje alisemee kwake. Kisha akatembea moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya maji, akachukua kopo lile walilomtengea mama, akachota, akanywa.

Nikarudi ndani nikakaa sakafuni. Meneja aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, ni mzima kabisa, mzima kuliko siku zote.

Alhamisi wenye kampuni walikuja, kompyuta ikawapokea ikiwa uchi, na ilituma taarifa hadi wageni wenyewe wakachoka kutazama. Chai alipika Mayu Kabula, akaipeleka mkono kwa mkono, na kila mtu alikunywa.

Wiki iliyofuata aliniita nyuma ya meza. Alitaka nimwonyeshe kwa kidole mashine inatolea pumzi wapi hasa. Nikamwonyesha mdomo wa feni, na matundu ya juu ya skrini. Akavipima kwa kipande cha uzi, akafunga mafundo mahali pa kukumbuka. Baada ya siku chache akaleta kitambaa kilekile. Juu alikuwa amefungua dirisha refu, na nyuma, upande wa ukutani ambao hakuna mgeni angeuona, ametoboa mraba sawasawa na feni, na kuuzungushia maua mekundu yaleyale, madogomadogo, bila kuruka hata moja.

Akaivisha mashine ikiwa inafanya kazi. Akapitisha mkono nyuma, akaacha upepo umpige kiganjani, akafumba macho.

"Sasa inahema," akasema, na akakaa palepale nyuma ya meza, mkono kwenye upepo, hadi nusu saa ikapita na nyingine ikaanza.